Hawa Watu Wamechukua Stima

Jumamosi, 1 Februari

Chai, mahindi ya kuchemsha, simu imeegemezwa kwenye mkebe wa sukari. Ivy ameenda mazoezi ya kwaya. Nyumba yangu mwenyewe kwa saa mbili. Timu yetu ilikuwa ugenini, Kisumu. Wycliffe aliingia mechi ikiwa imeanza, kama kawaida yake, na ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa kumtukana refa. Hata hajajua matokeo.

Ndivyo tunavyokaa Jumamosi tangu Agosti. Mimi Nakuru, mume wangu Qatar. Akaunti moja, simu mbili. Hiyo app ya mechi za raga inafunguka Kenya tu, kwa hivyo Shiru, jirani yangu wa kibanda anayetengeneza simu, alimwelekeza aweke VPN. Ni kitu cha kuidanganya app kwamba simu yake iko Kenya. Sikuelewa zaidi ya hapo na sikuona haja. Zamani tulikuwa tunakaa jukwaani, mimi na njugu zangu, yeye akimfundisha refa kazi kwa sauti. Sasa anamfundisha kwa WhatsApp. Afadhali. Kwa WhatsApp watu hawageuki kututazama.

Tumeshinda. Nimefurahi kuliko inavyomfaa mshonaji mwenye rundo la sketi za shule zinazongoja zipu.

Jumatano, 5 Februari

Nilitaka kuweka app kwenye televisheni. Ikakataa, eti simu zimejaa, nichague moja ya kutoa. Ikaonyesha zote. Simu yangu ya zamani, Nakuru. Simu yangu hii, Nakuru. Simu ya Wycliffe, Naivasha.

Mwaka jana yake ilikuwa ikiandika Nairobi. Nimetoa ile ya zamani. Halafu nikamchokoza: "Naona VPN imekuhamisha Naivasha. Usije bila samaki."

Akasoma. Nikaona amesoma. Jibu limekuja tumeshakula na kuosha vyombo: "Hehe. VPN ni mwongo sana, hurusha mtu popote." Kisha akauliza kikohozi cha Ivy kinaendeleaje. Kinaendelea vizuri. Samaki ndio nimebaki nikiwatamani.

Jumamosi, 8 Februari

Hakuingia. Overtime. "Kuna mzigo mkubwa sana hizi siku mama, usinihesabu." Anaendesha basi la wafanyakazi, sasa sijui mzigo gani. Labda wafanyakazi wameongezeka. Nimetazama peke yangu. Mechi peke yako ni kama kula ugali bila mboga. Tumefungwa, na vizuri tu, tulicheza vibaya.

Jumatatu, 10 Februari

Ivy amesukwa. Alitaka babake amwone. Nikapiga video, akakata, akapiga simu ya kawaida ya WhatsApp. Anasema kambini wanakolala wamekataza kamera. Wamekataza tangu Krismasi. Ivy akauliza, "Kwani kamera yetu itaiba nini huko?" Nilimwambia anyamaze, lakini ni swali zuri. Limenikaa.

Niandike pia hili kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nilipenda kuwa mke wa mtu wa Qatar. Kanisa lilichanga ili aende. Mama Kezia, mwenyekiti wa akina mama, alisimama akaita watu kwa majina mpaka nauli ikatimia. Siku ya kumwombea walimwekea mikono kichwani, na mchungaji akasema ataenda kama mwenye nyumba moja arudi kama mwenye tatu. Nilipiga makofi kuliko wote. Tangu hapo nikienda sokoni naitwa Mama Qatar, na sijawahi kumrekebisha mtu.

Alhamisi, 13 Februari

Chaji ya simu ilikuwa imelegea. Nimempelekea Shiru. Alipokuwa akichokonoa kwa sindano nikamsimulia kichekesho cha Naivasha. Hakucheka. Shiru hucheka hata mazishini.

Akaweka sindano chini. Akafungua hiyo VPN kwenye simu yake, akanionyesha. Unachagua nchi. Ukichagua Kenya inakupa Nairobi, basi. Hakuna mji mwingine. Nikasema labda imeboreshwa. Akasema, "Mama Ivy, VPN inaweza kumtoa Qatar imlete Nairobi. Kumleta mpaka Naivasha, hapana. Huko mtu hujileta."

Nikauliza, na ikiwa amesahau kuiwasha? Akasema basi ingeandika Qatar, na mechi isingefunguka. Halafu akaona uso wangu, akaanza kusema hizi app pia hukosea, akaendelea kusema hivyo mpaka nikaondoka. Alikataa nimlipe. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ijumaa, 14 Februari

Mji mzima unauza waridi. Vijana wamezibeba kwa ndoo, wanamfuata kila mwanamume mwenye shati safi. Nimepita katikati yao nikiwa nimenuna. Hata mimi sijui nilinunia nini.

Usiku kucha nimekuwa wakili wake. Shiru ni fundi wa vioo vya simu, si profesa. App hukosea. Mwaka jana redio ilitangaza mvua na tukakaukiwa. Asiyetaka kujua hakosi sababu. Kila asubuhi sasa nafungua ukurasa wa akaunti kabla ya kusali. Ningefurahi kuona imeandikwa Qatar hata mara moja tu, hata kwa bahati mbaya. Naivasha. Naivasha. Naivasha.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika kwa mshumaa.

Leo aliingia mapema. Mchangamfu, maneno mengi, overtime imeisha. Mechi ilikuwa Nairobi. Nilikuwa nimeiweka kwenye televisheni, nikaamua nitaacha mambo ya Shiru kwa Shiru. Ilikuwa Jumamosi nzuri. Tulitaniana. Kipindi cha pili, tuko nyuma kwa pointi chache, tukapata skrum mita tano kutoka kwenye laini yao. Wakasukuma. Wakasukuma tena. Televisheni ikazima. Friji ikanyamaza. Mtaa wote ukaguna kwa pamoja.

Simu ikalia mkononi. Wycliffe. "Aki hawa watu wamechukua stima na tuko mita tano!"

Nikamjibu bila kufikiri, "Hata hapa wamechukua." Nikainuka kutafuta kiberiti. Nikawasha jiko. Nikaweka maji. Maji yalikuwa yameanza kulia ndipo niliposimama.

Hawa watu. Mtu hasemi hivyo Qatar. Mwaka jana aliniambia huko taa hazijawahi kuzima hata sekunde, kwamba mtu husahau kiberiti kinafananaje. Huko hakuna hawa watu. Hawa watu ni wetu. Tunawajua bila kuwataja, tunawalaani jioni, wakirudisha tunashangilia kama wametupa zawadi.

Nimerudi kwenye simu. Mahali pa ujumbe wake pameandikwa kwamba umefutwa. Ameufuta. Kwa hiyo naye alikuwa amesimama mahali fulani gizani akafikiria nilichofikiria.

Redio ya jirani inasema laini kubwa ya stima imekatika, kuanzia Nakuru hadi Naivasha na vijiji vyote vya katikati.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani Mama Kezia ameombea ndugu yetu aliye ughaibuni, Mungu amkinge na jua la jangwa. Nikasema amina. Nimesema uongo mbele ya madhabahu nikiwa na kitambaa kichwani.

Wycliffe ametuma "Jumapili njema" na picha ya njiwa. Sikujibu. Nina hasira ambayo haijapata pa kukaa. Inapanda, inashuka, inanifanya nioshe vitu visivyo vichafu.

Jumanne, 18 Februari

Mwanamke. Hiyo ndiyo ya kwanza, niiandike itoke. Naivasha ina wanawake wengi na kazi nyingi, na mume wangu si mbaya wa sura. Nimemchora huyo mwanamke mpaka namjua. Ana meno mazuri na hajui raga. Amemchukua mume wangu na hajui hata skrum ni nini.

Nimepinda sketi ya Form One, upande wa ndani nje. Nimefumua. Nimepinda tena vilevile.

Nilifikiria kupanda gari niende. Nikishuka nimwulize nani? Mji mzima, mashamba ya maua pande zote za ziwa, mengine mpaka Ndabibi, niwe nikionyesha picha getini kama aliyepotelewa na ng'ombe? Sitaki kumkamata. Mtu aliyekamatwa husema lolote. Nataka aseme mwenyewe.

Na swali langu ni moja tu. Bado nina mume au nina sauti ya simu? Nikijua hilo, mengine nitayabeba.

Ijumaa, 21 Februari

Pesa ya matumizi imekuja kupitia binamu yake wa Nairobi, kama tulivyozoea. Nilidhani zinatoka Qatar zikipitia kwa binamu. Huenda zinatoka Naivasha, zinanipa mgongo mpaka Nairobi, ndipo zinanirudia. Nusura nicheke.

Nimeenda kwa Shiru. Nikamwambia anisaidie kubadilisha password ya akaunti na kutoa simu zote isipokuwa yangu. Hakuuliza. Nilipomwandikia password mpya kwenye karatasi aliisoma, akanitazama, akaichana karatasi vipande vidogo. "Ni poa," akasema. "Ni refu lakini ni poa."

Jumamosi, 22 Februari

Mechi ya nyumbani. Ningeweza kwenda uwanjani, ni karibu tu. Nilibaki.

Simu ikalia kabla hata ya mchezo kuanza. "Mama, app imenitoa. Password ilibadilishwa?"

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikaandika: "Ndiyo. Mpya ni rudinyumbani. Herufi ndogo, bila nafasi."

Akasoma.

Mechi ikaanza. Sikuiona. Nilikuwa kwenye ukurasa wa akaunti, nikiufungua na kuufunga. Simu moja tu, Nakuru. Simu moja tu. Nikajiambia, asipoingia nimepata jibu langu na nitalala nalo. Nikaanza kupanga nitakavyomweleza Ivy. Nilifika mbali katika huo mpango. Nilikuwa nimefika mahali pa kuuza televisheni.

Mapumziko yalikuwa yamekaribia nilipoiona. Simu, Naivasha. Ameiandika. Herufi kwa herufi, kwa vidole vyake.

Hakutuma kitu. Nami sikutuma. Tulikaa hivyo, mimi huku, yeye kule, tukitazama watu wakikimbizana na mpira. Kipindi cha pili kikiendelea akaandika: "Nani alikuambia?"

"Wewe," nikamjibu. "Wewe na stima."

Akaandika: "Sina kitu mkononi Rispa."

Huniita Rispa mambo yakiwa mazito. Nikamuuliza kama kuna mwanamke. Nimeuliza wazi, sina muda wa kuzunguka mbuyu. Akajibu kuna wanaume wanne kwenye chumba kimoja na mmoja wao hukoroma. Nilikaa chini sakafuni. Sikulia. Nilikaa tu mpaka miguu ikafa ganzi.

Akauliza, "Nije lini?" Nikamwambia magari ya Nakuru hayajaisha.

Matokeo ya mechi siyajui hadi sasa.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda kanisani. Ivy nilimtuma na watoto wa jirani.

Wycliffe alifika asubuhi. Hakubisha, alisimama uani kama mtu wa kusoma mita ya maji, mpaka nikamwona kupitia dirishani. Amekonda. Mikono mitupu, na yote imejaa mikwaruzo ya miiba, mipya juu ya ya zamani. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikamwambia aingie anawe.

Amesema yote akiwa anatazama kikombe. Kampuni ilipoteza kazi ya mabasi, ikawakusanya ikawarudisha makwao wiki ya kabla ya Krismasi. Alishuka Nairobi na begi moja. Akakumbuka ile mikono kichwani. Akakumbuka nyumba tatu za mchungaji. Akaona hawezi kuingia mtaani hivyo, akateremka Naivasha kwa rafiki aliyekuwa akisoma naye, akae wiki moja, apate kitu cha kushika ndipo aje. Rafiki akamwingiza shamba la maua, idara ya kuvuna. Ikawa wiki mbili. Ikawa msimu wa Valentine, wanafanya kazi mpaka wanalala wamesimama. Ule mzigo mkubwa ulikuwa ni waridi. Laini ya Qatar ilishakufa, lakini WhatsApp iliendelea kutumia namba ileile, na yeye akaendelea kuwa kule.

"Nilikuwa nikikuona kila Jumamosi," akasema. "Ningekuja, hizo Jumamosi zingeisha."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Si kwa Naivasha. Ni kwamba alidhani nimeolewa na Qatar. Nikamwambia hivyo, na mengine ambayo sitayaandika. Kisha nikakumbuka jinsi nilivyopiga makofi siku ile, na nilivyokuwa nikiitika sokoni, nikapunguza sauti. Nimemwambia hilo pia. Ilikuwa chungu kusema. Akasema hakuwa ameniwekea mimi lawama. Nikamwambia aniwekee kidogo, nafasi ipo.

Ivy alirudi, akasimama mlangoni na Biblia yake. Akamtazama babake, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Umeniletea nini?" Wycliffe akageuza viganja juu. Ivy akaona mikono yake, akaacha hilo swali. Akamwonyesha kichwa. Nywele zimeanza kufumuka lakini alimwonyesha zote, mstari kwa mstari, na yeye akazitazama zote.

Jumatatu, 24 Februari

Ameondoka alfajiri, zamu inaanza mapema. Tumekubaliana atamalizia mwezi, halafu tuone. Jumamosi atakuja.

Aliniuliza tutawaambia nini watu. Alikuwa amefikiria: tuseme yuko likizo, kisha tuseme amebadilisha kampuni. Uongo wake ni mzuri, umepangika. Nikasema nitafikiria. Kusema kweli nilitamani kuukubali. Si yeye anayekutana na hao watu kila siku. Ni mimi.

Jumatano, 26 Februari

Mama Kezia alikuja kibandani na kitambaa cha sare za akina mama. Anaitaka ya kwake kabla ya Pasaka, na isiwe ya kubana. Nikaanza kumpima. Nilikuwa na pini mdomoni alipouliza, "Na Baba Ivy? Qatar kunamwendeaje?"

Pini ni kitu kizuri. Mtu mwenye pini mdomoni huguna tu, na mguno unatosha. Nilizitoa moja moja, nikazichoma kwenye kimto.

Nikasema, "Walimrudisha Desemba. Yuko Naivasha, shamba la maua. Anavuna."

Nilingoja. Huyu ndiye aliyeita watu kwa majina. Alinitazama muda, mikono bado ameinyoosha pembeni kama nilivyomwambia asimame. Nikawa najua tu kwamba kufikia Jumapili kanisa zima litakuwa nalo, na nikaona kwamba sijali kama nilivyodhani ningejali. Najali, lakini si hivyo.

"Naivasha kuna baridi sana asubuhi," akasema. "Ana sweta?"

Sikujua. Nilisema kweli, sijui. Jumapili alikuja na koti jepesi la kazini na sikufikiria kitu. Miezi yote hii nilikuwa nikimwombea asichomwe na jua.

Nilimaliza kumpima, nikaandika vipimo. Jioni nimepitia mitumba. Nimepata moja ya kijani, ya sufu, haina tundu hata moja. Mikono ni mirefu kidogo. Nitaikunja.